Fumbo la Barazani na Kijembe cha Uani: Jinsia na Thamani ya Usemi katika Mazungumzo ya Waswahili

Suala la uhusiano wa jinsia na matumizi ya lugha si geni katika elimu ya isimu. Mwaka 1922 Otto Jespersen, mtaalamu wa lugha kutoka Denmark, alitenga sura nzima ya kitabu chake kuieleza lugha ya mwanamke. Humo alidai kwamba mwanamke ana msamiati mdogo kuliko wa mwanamume na kwamba mara nyingi huziacha sentensi zake zikielea bila kuzimaliza. Zaidi ya miaka hamsini baadaye, mwaka 1975, Robin Lakoff wa Marekani aliandika kwa nia iliyo kinyume cha ile ya Jespersen. Yeye alitaka kuonyesha jinsi mwanamke anavyodhulumiwa na malezi ya lugha aliyopewa. Alisema kwamba mwanamke hufundishwa tangu utotoni kusema kwa kusitasita, kuzifuatisha kauli zake kwa maswali ya kuomba kukubaliwa, na kuzungukazunguka pale ambapo mwanamume angekata neno. Kisha usemi huo huo hutumiwa kuwa hoja ya kumnyima madaraka.

Wataalamu hawa wawili wanatofautiana kwa nia, lakini wamesimama juu ya msingi mmoja. Wote wawili wanachukulia kwamba upo usemi wa kike unaoweza kutambuliwa kwa alama zake, na kwamba alama hizo zenyewe zina udhaifu ndani yake. Makala haya yanakusudia kuupima msingi huo kwa ushahidi wa mazungumzo ya Waswahili wa pwani ya Kenya na visiwa vya jirani. Hoja itakayotetewa ni kwamba ufundi wa kunena kwa fumbo, pamoja na ujasiri wa kunena wazi, umo katika vinywa vya wanaume na wanawake vilevile. Kinachogawanywa kwa jinsia ni thamani inayopewa usemi baada ya kusemwa, na mahali ambapo msemaji ana haki ya kuusemea. Ikiwa hoja hii ni sahihi, basi mhakiki anayetafuta udhaifu katika maneno ya mwanamke anautafuta pasipokuwapo, na yafaa ayageuze macho yake kwa wasikilizaji.

Sarufi na majina ya usemi

Yafaa kwanza kuondoa dhana moja. Zipo lugha ambazo sarufi yake yenyewe humlazimisha msemaji kutaja jinsia ya kila anayetajwa. Kiswahili hakimo katika kundi hilo. Nafsi ya tatu ni yeye, awe mume au mke. Kiambishi a- cha kitenzi hakibagui, na ngeli ya M-WA huwakusanya binadamu wote pamoja na wanyama na wadudu. Mtu akiambiwa kwamba mgeni amefika, hana njia ya kujua kwa sarufi pekee kama aandae kiti barazani au mkeka ndani. Kwa hiyo mtafiti anayetaka kuiona jinsia katika mazungumzo ya Kiswahili hatafaulu sana akianza na viambishi.

Ataiona mapema zaidi akichunguza majina ambayo Waswahili huyapa mazungumzo yenyewe. Wanaume wanapoketi barazani baada ya sala ya alasiri wakajadili ndoa iliyovunjika mtaa wa pili, deni la fulani, au ugomvi wa mpaka wa kiwanja, kitendo chao huitwa kubarizi, na maneno yao huitwa mazungumzo. Wanawake wanapoketi uani wakichambua mchele na kuijadili ndoa ile ile, deni lile lile na mpaka ule ule, kitendo chao huitwa kupiga soga, na maneno yao hayakawii kuitwa umbeya. Mwanamume mwenye wingi wa maneno huitwa msemaji, na akiwa na ufasaha huitwa mlumbi. Mwanamke wa namna hiyo husemwa kuwa ana mdomo. Ni kweli kwamba mwanamume naye aweza kuitwa mbeya, lakini aitwapo hivyo aibu yake huwa maradufu, kwani pamoja na kosa la kuchongea anashutumiwa pia kwa kujivika tabia ya kike. Habari zilizozungumzwa pande zote mbili ni zile zile. Jina ndilo lililobadilika, na jina limekwisha kutoa hukumu kabla maneno hayajapimwa.

Fumbo moja, hukumu mbili

Tofauti hii ya hukumu hudhihirika zaidi katika sanaa ya fumbo. Hapana sanaa ya maneno iliyotukuzwa na Waswahili kuliko hii. Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa aliyeishi tangu mwishoni mwa karne ya 18 hadi karibu na mwaka 1840, anakumbukwa kwa sababu nyingi, na mojawapo ni ustadi wake wa kuyafumba mambo ya siasa. Katika zama za uhasama baina ya Mombasa ya Mazrui na wapinzani wake wa Lamu na Unguja, tungo zake zilipeleka vitisho, kejeli na maonyo ambayo aliyelengwa aliyatambua ingawa hakutajwa. William Hichens alipoitoa Diwani ya Muyaka mwaka 1940, na Mohamed H. Abdulaziz alipochapisha uchunguzi wake mkubwa mwaka 1979, ustadi huo ulipewa heshima inayoustahili. Hapana mhakiki aliyesema kwamba Muyaka alifumba kwa sababu alikosa uthabiti wa kusema wazi.

Sasa na itazamwe kanga. Vazi hili la doti, yaani vipande viwili, lina pindo, mji, na maandishi ambayo Waswahili huyaita jina la kanga. Desturi ya kuandika jina mara nyingi huhusishwa na mfanyabiashara Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa mwanzoni mwa karne ya 20. Maandishi ya zamani yalikuwa kwa hati za Kiarabu, na baadaye hati za Kirumi zikashika nafasi yake. Jina laweza kuwa methali, dua, neno la mapenzi au tishio. Mwanamke anaposikia kwamba jirani yake amemsema vibaya, aweza kwenda dukani akachagua doti yenye maneno *Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake*, kisha akapita mbele ya mlango wa jirani huyo akielekea kisimani au sokoni. Hakumwita mtu wala hakufungua kinywa. Jirani akitoka kwa hamaki na kuuliza kulikoni, atajibiwa kwamba hiyo ni nguo tu, na nguo huuzwa kwa kila mtu. Naye jirani akiwa mwelewa hatauliza lolote. Atangoja siku mbili tatu, kisha atoke na doti yake yenye jawabu.

Ukichunguza mawasiliano haya utaona kwamba yana sifa tatu. Kwanza, mlengwa hatajwi, lakini hana shaka kuwa ndiye. Pili, maneno yanayotumika ni ya watu wote, hata yaonekane yanatoka kwa jamii nzima na kwamba msemaji ameyaazima tu. Tatu, msemaji ana mlango wa kutokea, kwa kuwa aweza kukana kwamba alikusudia lolote. Sifa hizi tatu ndizo zinazopatikana pia katika fumbo la mshairi wa Mombasa lililopelekwa Lamu. Hata hivyo, la mshairi limeitwa hekima, na la kanga limeitwa kijembe. Moja limewekwa katika diwani na jingine limeachwa lichakae pamoja na nguo.

Huenda pakatolewa pingamizi kwamba mshairi hutunga mwenyewe, hali mvaa kanga hununua maneno yaliyokwisha kutungwa. Pingamizi hili lina uzito, ila lapungukiwa likilinganishwa na desturi ya methali. Mzee anayesuluhisha ugomvi barazani kwa kusema *Funika kombe mwanaharamu apite* hakuitunga methali hiyo. Sifa anayopewa ni ya kuichagua na kuiweka mahali pake kwa wakati wake. Ikiwa kuchagua ni busara kwa mzee mwenye bakora, itakuwaje kuchagua kusiwe busara kwa mwanamke mwenye doti?

Jambo jingine ni kwamba kanga haikuwa alama ya jinsia peke yake. Laura Fair, katika uchunguzi wake wa mwaka 2001 juu ya Unguja, ameonyesha kwamba baada ya utumwa kuondolewa kisheria mwaka 1897, wanawake waliokuwa watumwa waliziacha kaniki na merikani, mavazi ya unyonge wao wa kale, wakajivika kanga kuonyesha hadhi yao mpya. Kwa hiyo vazi lililobeba maneno lilikuwa pia dai la uungwana. Mwenye kulivaa alikuwa akisema kwamba yeye naye ni mtu wa kujibiwa.

Wanawake na uwazi

Lau wanawake wa pwani wangekuwa na fumbo tu, mtu angeweza kudai kwamba wamelazimika kwalo kwa kukosa njia nyingine. Lakini sivyo mambo yalivyo. Ipo desturi ya kusuta, ambayo kwa kiasi kikubwa ni ya wanawake. Mtu aliyezua maneno ya uongo hufuatwa hadi mlangoni pake, mashahidi wakiwapo, na huulizwa ana kwa ana: ulisema, hukusema? Nani alikuambia? Aliyekuambia huyu hapa. Katika kusuta hakuna mzunguko wala mlango wa kutokea. Ni usemi ulio wazi kuliko mwingi unaosikika barazani, ambapo wanaume hujitahidi sana kuepuka kuumbuana mbele ya watu.

Vivyo hivyo vyama vya lelemama vya Mombasa, ambavyo Margaret Strobel amevieleza katika kitabu chake cha mwaka 1979, vilishindana kwa ngoma na nyimbo ambazo zilimwadhiri hadharani aliyekiuka mwenendo. Katika Unguja, Siti binti Saad, mwanamke aliyezaliwa katika unyonge wa shamba, alifika Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake kwenye santuri. Miongoni mwa nyimbo za kundi lake ulikuwapo ule unaojulikana kwa jina la Kijiti, uliohusu mauaji ya mwanamke na hukumu ambayo watu wa mitaani waliiona kuwa ya dhuluma, kwa kuwa mshtakiwa alitoroka na mashahidi wa kike ndio walioadhibiwa. Mambo yaliyokuwa yakinong'onwa majumbani yalitiwa katika santuri na kusikika pwani nzima. Shaaban Robert alipouandika wasifu wa mwanamke huyu aliuona ujasiri huo. Ni vigumu kwa msomaji wa wasifu huo kuamini kwamba mwanamke wa Kiswahili hana ila sauti ya kusitasita.

Tofauti nyingine hutokana na umri na ujamaa. Kijana wa kike aliyeolewa juzi hunena kwa hadhari mbele ya wakwe zake. Nyanya wa mtaa humwambia amtakaye alitakalo, akiwamo mwanamume mwenye kilemba. Somo anayemfunda mwari hutaja kwa majina yake mambo ambayo wanaume barazani huyazunguka. Bibi na mjukuu wake wa kiume hutaniana kwa maneno ambayo mama na mwana hawawezi kuambiana. Mwanamke mmoja, kwa siku moja, hupita katika semi hizi zote kwa kadiri ya aliyeko mbele yake. Kwa hiyo kusema kwamba wanawake wote wana namna moja ya kunena ni kuwatoa katika jamaa zao na kuwaweka katika chumba kitupu.

Utendi wa Mwana Kupona na mtu asiyejua kunena

Ikiwa mambo ni hayo, usomwe vipi utendi unaojulikana zaidi kwa kumfundisha mwanamke kuutawala ulimi wake? Mwana Kupona binti Mshamu aliutunga utendi huo mwaka 1858, akiwa mgonjwa, kumuusia binti yake Mwana Hashima. Mumewe, Bwana Mataka, alikuwa mtawala wa Siyu ambaye aliupinga kwa miaka mingi utawala wa Unguja. Werner na Hichens walipoutoa utendi huu mwaka 1934 waliupa anwani ya Kiingereza iliyozungumzia wajibu wa mke, na tangu hapo wasomaji wengi wameuchukua kuwa hati ya utiifu na kuishia hapo.

Hapana haja ya kuukana utiifu huo. Umo. Binti anaagizwa awe na adabu na ulimi mwema, asijishughulishe na maneno ya wapumbavu, aombe ruhusa kabla ya kutoka, asikawie njiani, asipaze sauti mumewe amelala. Mhakiki anayedai kwamba maagizo haya ni kejeli tupu anaufanyia utendi jeuri, kwani mama mgonjwa anayemwombea mwanawe dua ndefu kama ile hafanyi mzaha. Lakini mhakiki anayeona utiifu peke yake naye ameruka beti kadhaa. Mwana Kupona anamwambia binti yake amtunze mume mfano wa mtoto ambaye bado hajajua kunena, na aangalie kwa makini kinachomtoka na kinachomwingia. Kadhalika anamwelekeza ampumbaze kwa upole hadi naye apumbazike. Mwaka 1991 Ann Biersteker aliwataka wasomaji waufikirie upya utendi huu kwa upande wa lugha na mamlaka, na ni beti za namna hii zinazoufanya wito huo uwe wa haki.

Yafaa mfano wa mtoto uzingatiwe kwa upande wa mazungumzo. Mbele ya mtoto asiyejua kunena, mwenye lugha ni mmoja tu, naye ni mlezi. Yeye ndiye anayefasiri kilio, anayekisia haja, anayejua wakati wa kusema na wa kunyamaza. Katika mfano huu, anayenyamaza ndiye mwenye maarifa ya maneno, na anayetunzwa ndiye asiyekuwa nayo. Utiifu haukuondoka, lakini umegeuzwa kuwa kazi ya ujuzi, na ujuzi huo umo mikononi mwa mke. Waswahili husema *Kimya kingi kina mshindo mkuu*. Mwana Kupona anamfundisha binti yake kukipima kimya chenyewe, akijua kwamba katika nyumba ile neno la mwisho kisheria si lake.

Kisha lipo tendo la utunzi wenyewe. Mwanamke anayemtaka binti yake asiyasambaze maneno ameagiza karatasi na wino, ametunga beti mia moja na mbili, na mwishoni amewageukia wanawake wote akiwahimiza wausome utendi wake na kuyafahamu maana yake. Wosia wa chumbani umefanywa neno la hadhara. Haya hayapingani na mafundisho yake. Yanaonyesha kwamba alijua tofauti baina ya maneno yanayomponza msemaji na maneno yanayomjengea hadhi, na kwamba utendi, ukiwa utanzu uliokwisha kuheshimiwa, ulikuwa ukumbi ambamo mwanamke aliweza kunena bila kuambiwa ana mdomo.

Ushahidi kutoka Bukini

Yawezekana mtu akasema kwamba mambo haya ni ya Waswahili peke yao. Basi na aangalie kisiwa kilichokuwa kikiitwa Bukini na wazee wa pwani, yaani Madagaska. Elinor Keenan, ambaye baadaye alijulikana kwa jina la Elinor Ochs, alichapisha mwaka 1974 uchunguzi wake juu ya kijiji kimoja cha eneo la Vakinankaratra. Huko aliona hali iliyo kinyume kabisa na ile ambayo Lakoff angeielezea mwaka uliofuata. Wanaume ndio wanaonena kwa kuzunguka. Hotuba yao ya heshima iitwayo *kabary* hujaa methali na tamathali, na mwanamume mwenye adabu haonyeshi hasira wala hamkosoi mwenzake waziwazi. Wanawake ndio wanaonena moja kwa moja. Wao hukemea, hupatana bei sokoni, na hutumwa na waume zao kupeleka maneno makali ambayo wanaume wangeona haya kuyasema.

Lau fumbo lingekuwa dalili ya unyonge kwa asili yake, ingetazamiwa kwamba wanaume wa kijiji kile wangeonekana wanyonge. Haikuwa hivyo. Kijijini humo fumbo lilikuwa ndilo usemi bora, na uwazi wa wanawake ulichukuliwa kuwa upungufu wa adabu. Marekani, ambako mwanamume husifiwa kwa kunena wazi, uwazi ndio uliokuwa nguvu na mzunguko ndio uliokuwa udhaifu. Alama za usemi zimebadilishana mahali, lakini hukumu haikuhama: lililo desturi ya wanaume limepewa cheo. Mfano huu mmoja watosha kuonyesha kwamba cheo hakikutoka katika maneno.

Mbele ya kadhi

Huenda msomaji akauliza kama tofauti hii ya majina na hukumu ina madhara yoyote nje ya vitabu vya wahakiki. Mahali pa kutafuta jibu ni mahakamani, ambako usemi hugeuka kuwa haki au hasara. William O'Barr na Bowman Atkins, katika uchunguzi wao wa mwaka 1980 uliofanywa katika mahakama za North Carolina huko Marekani, waligundua kwamba alama ambazo Lakoff aliziita za kike hazikuonekana kwa wanawake wote wala hazikukosekana kwa wanaume wote. Zilipatikana kwa mashahidi wasio na cheo wala mazoea ya mahakama, wa jinsia zote mbili; mwanamke mwenye taaluma na uzoefu alizitumia kidogo. Kwa hiyo walipendekeza usemi huo uitwe wa wasio na nguvu.

Pwani ya Kenya, Susan Hirsch alisikiliza mashauri katika mahakama za kadhi za Mombasa na Malindi, akachapisha matokeo yake mwaka 1998. Mahakama hizi zinatambuliwa na katiba, na Katiba ya mwaka 2010 imezihifadhi kwa mambo ya hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi baina ya Waislamu wanaokubali kwenda mbele yake. Hirsch aliona kwamba wengi wa wanaopeleka mashauri ya ndoa ni wanawake, na kwamba mara nyingi hushinda. Aliona pia shida wanayoikuta. Mke mwema hutakiwa avumilie na azifiche siri za nyumba. Lakini ili apate haki, sharti asimulie: lini alinyimwa matumizi, nani alishuhudia, alipigwa kwa sababu gani. Kila anapoyaeleza hayo anajipatia haki kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine anajitia katika sifa ya mwanamke anayetoa mambo ya nyumbani nje.

Hapa ndipo linapodhihirika chimbuko la shutuma ya kale kwamba wanawake wana maneno mengi. Kwa desturi ya sheria, mume anaweza kuivunja ndoa kwa tamko la talaka, nalo ni maneno machache yasiyohitaji hadithi. Neno lake hutenda kazi peke yake. Mke anayetaka ndoa ivunjwe hana neno la namna hiyo. Hana budi amshawishi kadhi, na ushawishi huhitaji masimulizi, tarehe na mashahidi. Mmoja amepewa neno linalotosha na mwingine amepewa mzigo wa kuthibitisha. Kisha anayeubeba mzigo huo anaambiwa kwamba ni desturi ya jinsia yake kusema sana. Urefu wa maelezo yake umetokana na nafasi aliyopangiwa mbele ya sheria, na mwanamume yeyote aliyewekwa katika nafasi hiyo angelazimika kueleza kwa urefu ule ule.

Wajibu wa mhakiki

Haya yote yana maana kwa wale ambao kazi yao ni kukusanya, kufundisha na kuhakiki maneno ya Kiswahili. Diwani za washairi wa kiume zimehifadhiwa kwa sababu palikuwapo watu waliozithamini; Mwalimu Sikujua wa Mombasa alifanya kazi kubwa ya kuzikusanya tungo za Muyaka na kumpa Taylor kabla hazijasahaulika. Majina ya kanga, nyimbo za lelemama, na majibizano ya kusuta hayakupata walinzi wa namna hiyo tangu mwanzo, na sehemu kubwa imepotea pamoja na waliokuwa wakiyajua matukio yaliyoyazaa. Jina la kanga lililotengwa na ugomvi wake ni kama fumbo la Muyaka lililotengwa na vita vyake: maneno yamebaki, na aliyelengwa hajulikani tena.

Kwa hiyo mkusanyaji wa leo anapokuta doti ya zamani sandukuni mwa bibi fulani, hatosheki kuandika maneno yaliyochapishwa juu yake. Yampasa aulize ilinunuliwa mwaka gani, ilivaliwa siku gani, nani aliyepita na nani aliyekuwa mlangoni, na jawabu lilikuja kwa doti gani. Maswali hayo ndiyo ambayo wahariri wa Muyaka wamekuwa wakijiuliza juu ya kila ubeti wake, na hapana sababu ya kielimu ya kumwuliza mshairi na kutomwuliza bibi huyo.